Kiapo Peke Yake Hakimlindi Mgonjwa

Kila ifikapo tarehe 12 Mei, ambayo ni Siku ya Wauguzi Duniani, wauguzi wa nchi hii hukusanyika viwanjani na kumbini, huwasha mishumaa, na kwa sauti moja hurudia kiapo chao. Viongozi hutoa hotuba. Wanafunzi wa vyuo vya uuguzi husimama safu kwa safu, sare zao zimepigwa pasi zikanyooka. Ni sherehe nzuri, na hakuna mwenye akili timamu atakayeilaumu. Lakini kesho yake asubuhi mwanafunzi yule yule huingia wodini, akamkuta mama mjamzito anakaripiwa mbele ya wenzake kwa kosa la kulia kwa uchungu, naye mwanafunzi akanyamaza. Kati ya mshumaa wa jana na ukimya wa leo pana pengo, na pengo hilo ndilo linalostahili kujadiliwa bila ya kuoneana haya.

Wako watakaosema kwamba hayo ni maneno ya mitaani. Sivyo. Kati ya mwaka 2011 na 2012 watafiti waliwahoji akina mama waliojifungulia katika hospitali na vituo vinane vya wilaya za Korogwe na Muheza, mkoani Tanga. Walipohojiwa wakati wa kuondoka, akina mama 19 katika kila 100 walisema kuwa walitendewa pasipo heshima: walifokewa, walisimangwa, waliita msaada wasiitikiwe, wengine walitishwa, na wachache walipigwa. Baadhi yao walipofuatwa majumbani wiki kadhaa baadaye, hesabu ilipanda ikawa 28 katika kila 100. Tofauti ya tarakimu hizo mbili inaeleza jambo zito kuliko tarakimu zenyewe. Mama anayesimama langoni mwa hospitali, mtoto mkononi, anajua kwamba huenda akarudi hapo kesho homa ikimshika mwanawe. Kwa hiyo huyameza maneno. Akisha kufika kwake, akakaa mkekani pamoja na wifi na mama mkwe, ndipo husema.

Na lile lisemwalo mkekani ndilo linaloamua wifi atajifungulia wapi. Takwimu za Taifa zinaonyesha kwamba mwaka 2015/16 akina mama 63 katika kila 100 walijifungulia katika vituo vya afya, na mwaka 2022 wakafikia 81. Vifo vitokanavyo na uzazi, ambavyo vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000, vikashuka hadi 104 katika kipindi hicho hicho. Hiyo ni kazi kubwa iliyofanywa na Serikali, na wananchi, na zaidi ya wote na wauguzi na wakunga wenyewe, ambao wengi wao hukesha peke yao katika zahanati zisizo na mwenzi wa kupokezana naye. Haifai hata kidogo ushindi uliopatikana kwa majengo, dawa na magari uje upunguzwe na ulimi wa mtu mmoja aliye zamuni.

Panapotajwa kasoro hizi, jawabu la haraka huwa ni moja: wauguzi wa siku hizi hawana wito. Husemwa hivyo vijiweni, husemwa ndani ya daladala, na husemwa hata na wakubwa katika mikutano. Ni jawabu jepesi, na wepesi wake ndio unaolifanya lipendwe, kwa kuwa halimdai msemaji chochote. Ikiwa tatizo ni wito, basi chuo hakina kosa, wizara haina kosa, mganga mkuu hana kosa. Wa kulaumiwa ni binti wa miaka ishirini ambaye moyo wake, kwa bahati mbaya, uliumbwa mgumu. Hakuna anayedai kwamba rubani awe na wito. Hudaiwa ajue kurusha ndege na kuitua. Wito unaweza kumleta kijana chuoni. Hauwezi kumwambia atende nini saa nane ya usiku, pale muuguzi aliyemzidi cheo anapomwagiza aandike katika chati kipimo cha joto ambacho hakikupimwa.

Kinachohitajika saa hiyo kina jina lake, nalo ni uwezo wa kimaadili. Mwanasaikolojia wa Marekani, Lawrence Kohlberg, aliueleza tangu mwaka 1964 kuwa ni uwezo wa mtu kuamua mambo kwa kufuata misingi anayoikubali ndani ya nafsi yake, na kisha kutenda sawasawa na uamuzi huo. Mjerumani Georg Lind akautungia kipimo, akasisitiza kwamba huo ni uwezo kama uwezo mwingine: hukua ukifanyiwa mazoezi na hudumaa ukiachwa. Hapa ndipo penye habari isiyofurahisha. Utafiti uliofanywa kwa wanafunzi wa udaktari katika Jamhuri ya Cheki, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha uwezo huo ukishuka kadiri miaka ya masomo ilivyoongezeka. Yaani kijana aliingia chuoni akiwa na nuru fulani, na chuo chenyewe kikaipunguza. Wakufunzi wa uuguzi wa hapa nyumbani hawana sababu ya kudhani kwamba jambo hilo haliwahusu.

Upo ushahidi mwingine wa zamani ambao ungepasa kubandikwa katika ofisi ya kila mkuu wa chuo. Mwaka 1966 daktari wa Marekani, Charles Hofling, pamoja na wenzake, walichapisha jaribio walilolifanya kwa wauguzi 22 waliokuwa kazini. Mtu ambaye muuguzi hakumfahamu alipiga simu wodini, akajitambulisha kuwa ni daktari, akaagiza mgonjwa apewe miligramu 20 za dawa ambayo kopo lake liliandikwa wazi kwamba kiwango cha juu kwa siku ni miligramu 10. Dawa hiyo haikuwamo katika orodha ya dawa za wodi, na kanuni za hospitali zilikataza maagizo ya namna hiyo kwa simu. Wauguzi 21 kati ya 22 waliihesabu dawa wakaanza safari ya kitandani kwa mgonjwa, mpaka walipozuiwa. Vidonge vilikuwa vya sukari, basi hakuna aliyedhurika. Lakini sehemu inayowahusu wanafunzi ndiyo yenye kuumiza zaidi. Watafiti waliwasimulia kisa hicho hicho wanafunzi 21 wa uuguzi na kuwauliza kama wangeitoa dawa ile. Wote 21 walisema la.

Hawakusema uongo. Walisema lile walilolijua, wakiwa wameketi, bila ya simu sikioni na bila ya sauti ya mkubwa ikiwahimiza. Mtihani wa chuo hupima hali hiyo ya kuketi. Mgonjwa hulindwa au huangamizwa na hali ile nyingine. Hata hivyo jaribio hilo lina mwenzake ambalo halitajwi mara nyingi. Mwaka 1977 watafiti wawili, Rank na Jacobson, walilirudia kwa dawa ambayo wauguzi waliifahamu, na kwa kuwaacha wauguzi washauriane na wenzao. Safari hii ni wawili tu kati ya 18 waliokubali kuitoa. Binadamu walikuwa ni wale wale, mishahara na sare zao zilikuwa za namna ile ile. Kilichobadilika ni kwamba waliijua dawa, na walikuwa na mtu wa kumwuliza.

Sasa na iangaliwe wodi ya kawaida ya nchi hii, na namna inavyomfundisha mwanafunzi. Afikapo mara ya kwanza huwa na macho makali. Huona shuka iliyochafuka, huona mzee aliyeachwa wazi bila ya kufunikwa, husikia neno la kejeli na moyo wake hushtuka. Mwezi wa tatu haoni tena. Hakuna aliyemwita kando akamwambia amdharau mgonjwa. Amejifunza kwa kutazama, kama mtoto anavyojifunza kutembea. Binti huyu, akiwa kijijini kwao, hawezi kumpita bibi kizee njiani pasipo kumwambia shikamoo. Akithubutu, atakemewa na mtaa mzima. Lakini akishavaa sare humpita mzee wa miaka sabini kitandani asubuhi, asimwamkie, akamwondolea shuka mbele ya macho ya watu, akamwita kwa namba ya kitanda au kwa jina la ugonjwa wake: yule wa nyonga, yule wa kisukari. Huo utaalamu wa kuvua adabu ya nyumbani aliupata wapi? Haumo katika mtaala wowote ulioandikwa. Umo katika ule usioandikwa, ambao walimu wake ni wengi na hawana muhula wa likizo.

Madaktari nao wana fungu lao katika mtaala huo. Wanapopita wodini na msafara wa wanafunzi, humzungumzia mgonjwa kwa Kiingereza juu ya kichwa chake, kana kwamba hayupo, naye mgonjwa hugeuza macho huku na huko akitafuta katika nyuso zao kama amehukumiwa kufa au kupona. Lugha ya Taifa ipo, na wote waliosimama pale wanaijua. (Inashangaza jinsi watu wanaoweza kutukana kwa Kiswahili fasaha wanavyokosa maneno ya Kiswahili ya kumweleza mgonjwa ugonjwa wake.) Mwanafunzi anayetazama huelewa somo: mwenye mwili si mmoja wa wanaopaswa kuelezwa habari za mwili wake.

Tena lipo suala la alama. Mwanafunzi aliyeko mazoezini ana daftari ambamo kila kazi aliyoitenda hutiwa sahihi na msimamizi wa wodi. Msimamizi huyo huyo ndiye anayemwona mwanafunzi akinyamaza au akisema. Binti akithubutu kunong'ona kwamba sindano ile haikubadilishwa, au kwamba mama yule ameita mara tatu, kesho daftari lake litakaa mezani wiki nzima bila ya sahihi, na ripoti itasomeka kuwa ni mjuaji. Kwa hiyo, kabla hajapata leseni, amekwisha kujifunza bei ya kusema. Mfumo unaomwadhibu mwanafunzi kwa kuona, kisha ukamlaumu muuguzi kwa upofu, hauna haki ya kushangaa.

Mfano mmoja unatosha. Tangu mwaka 1993, uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza katika hospitali za umma, sera imeyatenga makundi yanayopaswa kutibiwa bure: wajawazito, watoto walio chini ya miaka mitano, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Mwanafunzi analijua jambo hilo, alilisoma. Kisha anaagizwa wodini amwambie mume wa mama anayejifungua aende duka la nje akanunue mipira ya mikono na nyuzi, kwa sababu stoo ni tupu. Mume hana fedha. Mwanafunzi atamwambia nini? Je, amfiche kwamba mkewe ana haki, ili kazi iende? Amweleze haki ambayo hospitali haiwezi kuitimiza usiku ule? Amwandikie nani kwamba stoo ni tupu? Na je, akisikia kuwa vifaa vipo lakini hutolewa kwa walio na chochote mkononi? Hayo ndiyo maswali ya kimaadili ya uuguzi wa nchi hii. Lakini mtihani humtaka ataje haki tano za mgonjwa. Huzitaja zote tano, hupata alama zote, na hurudi wodini akiwa hajui la kutenda kama alivyokuwa jana.

Hapana shaka kwamba watu wa kada hii watajibu: wauguzi ni wachache, vitanda havitoshi, mishahara ni midogo, na maadili hayawezi kumwagwa juu ya uchovu. Hoja hiyo ni ya kweli kwa nusu yake, na nusu hiyo isidharauliwe. Mwaka 1984 Mmarekani Andrew Jameton alilipa jina lile jeraha analolipata muuguzi anayejua jambo lililo sawa lakini akazuiwa na mazingira ya kazi asilitende: alilieleza kuwa ni dhiki ya kimaadili. Muuguzi mmoja anayehudumia wodi nzima usiku ana dhiki hiyo kila saa, na kumhubiria juu ya upole pasipo kumpa mwenzi wa zamu ni kumfanyia dhihaka.

Lakini nusu ya pili ya hoja si kweli. Umaskini haumlazimishi mtu kutukana. Kufoka hakuokoi hata dakika moja. Wala utajiri hautibu ugonjwa huu. Uingereza ni nchi tajiri, na mfumo wake wa afya husifiwa duniani kote. Hata hivyo uchunguzi ulioongozwa na wakili Robert Francis, uliotoa taarifa yake mwaka 2013 ikiwa na mapendekezo 290, ulifichua kwamba katika hospitali ya Stafford, kati ya mwaka 2005 na 2009, wagonjwa waliachwa katika vitanda vilivyochafuka, na wengine waliachwa bila ya maji ya kunywa karibu nao. Upungufu wa watumishi ulikuwapo, ndiyo. Lakini taarifa ilionyesha pia uongozi uliojali malengo ya fedha kuliko wagonjwa, na watumishi waliozoea hali mbaya mpaka ikawa ndiyo hali. Waliojaribu kusema walitishwa au walipuuzwa.

Watumishi wa umma na walimu wasidhani kwamba mjadala huu ni wa watu wa hospitali peke yao. Afisa anayempigia simu msimamizi wa wodi ili shemeji yake apite mbele ya foleni anatoa mhadhara mfupi wa maadili kwa kila mwanafunzi aliyesimama pale. Mhadhara huo unasema: wagonjwa hawako sawa. Foleni ni ya akina mama wenye vitenge vilivyochakaa. Mwenye simu ana mlango wake. Afisa huyo huyo, akija mwezi ujao pasipo kufahamika na akajibiwa ovyo dirishani, atakuwa wa kwanza kuandika barua ya malalamiko kuhusu kuporomoka kwa maadili ya wauguzi. Kasumba hii ya kutaka usawa kwa wengine na upendeleo kwa jamaa ndiyo inayozaa wodi tunazozilaani.

Na mwalimu wa sekondari je? Binti anayefika chuo cha uuguzi amekwisha kupita mikononi mwake kwa miaka minne. Kama katika miaka hiyo aliyeuliza swali alichekwa, aliyepinga alichapwa, na aliyekariri alisifiwa, basi chuo kimepelekewa kijana aliyekwisha kukunjwa. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga, na shule zetu zimeutii usemi huo upande usiofaa. Chuo humpokea kwa cheti cha biolojia na kemia. Hakuna alama iliyowahi kutolewa kwa mtoto aliyemwambia mwalimu, kwa adabu zote, kwamba hesabu ile imekosewa.

Jambo hili linaweza kubadilika, na mahali palipobadilika ni huko huko Tanga. Baada ya utafiti uliotajwa, hospitali moja wilayani Korogwe iliingia katika mradi ulioitwa Staha. Wananchi na watumishi waliketi pamoja wakapatana juu ya mkataba wa huduma. Watumishi wa wodi ya wazazi wakachagua wenyewe mambo ya kurekebisha. Mengi yalikuwa madogo: mapazia ya kumsitiri mama, wagonjwa kuelezwa kwa uwazi vifaa vinapokosekana, akina mama kuulizwa walivyohudumiwa wakati wa kuondoka, mtumishi aliyekosa kuitwa na kunasihiwa, na chai kwa walio zamuni. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017, yakilinganishwa na hospitali nyingine ambayo haikufanya hivyo, yalionyesha uwezekano wa mama kutendewa vibaya umepungua kwa asilimia 66. Hawakuletwa malaika kutoka mbinguni. Aliyefoka jana aliwekewa pazia, akapewa kikombe cha chai na mtu wa kumwambia ukweli.

Kama watumishi waliokwisha kukomaa kazini waliweza kubadilika, hakuna kisingizio kwa vyuo vilivyo na vijana kwa miaka mitatu mizima. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 imelipa Baraza mamlaka ya kusimamia mafunzo, kusajili na kutoa leseni. Mamlaka hayo na yatumike. Somo la maadili litoke katika kukariri liingie katika mashauri: kila wiki wanafunzi warudi kutoka wodini na kisa kimoja walichokiona, majina yakiwa yamefichwa, wakijadili mbele ya mkufunzi nani alipaswa kusema nini, kwa nani, na kwa maneno gani. Maana hata maneno hufundishwa. Kumwambia mkubwa "samahani dada, tuitazame tena chati" ni ustadi kama kutafuta mshipa, na mwenye kuurudia mara hamsini darasani atauweza siku ya hamsini na moja. Sahihi ya daftari la mazoezi isiwe mkononi mwa mtu mmoja. Mkufunzi aonekane wodini, wala asingoje chuoni kusahihisha karatasi. Mwanafunzi aliyetoa taarifa ya kweli alindwe kwa maandishi, na msimamizi aliyemlipizia kisasi ahojiwe na waajiri wake.

Na Baraza liwe na utaratibu wa kuuliza kila chuo: mwaka huu wanafunzi wenu walileta mashauri mangapi kutoka wodini, na yalifikishwa wapi? Chuo kitakachojibu kwamba hakikupokea hata shauri moja kwa mwaka mzima kisipewe sifa ya utulivu. Kikaguliwe.